Jina Lisilo Jina: Jinsi Kamera Zilivyoitwa katika Programu za Medianuwai

Sisi watafsiri wa maandiko ya ufundi tumezoea kuyaogopa maneno mageni na kuyadharau maneno ya nyumbani. Neno geni tunalipeleka kwenye kamati, tunalijadili, tunalipima kwa mizizi ya Kibantu na ya Kiarabu, na mwisho tunalipa kibali au tunalikataa. Neno kama “jina” halipelekwi popote. Kila mtu analijua, na kila lugha inalo, basi tunaliandika na kuendelea mbele. Makala haya yanahusu neno hilo katika pembe moja ndogo ya ufundi wa kompyuta, yaani namna programu za medianuwai zilivyozitambua kamera zilizounganishwa na kompyuta, na namna zilivyohama kutoka kamera moja hadi nyingine. Pembe ni ndogo, lakini ndimo nilimonaswa.

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri maelezo ya mafunzo kwa ajili ya darasa la watu wazima waliokuwa wakijifunza programu iitwayo Flash. Mahali pamoja maelezo hayo yalisema kwamba amri ya kuichukua kamera ina nafasi moja ya kujazwa, kama ile nafasi inayoachwa wazi katika fomu ya serikali, na nafasi hiyo kwa Kiingereza iliitwa “name”. Nikaandika “jina la kamera”, nikageuza ukurasa. Wanafunzi walikuwa watu waangalifu. Walilisoma jina la kamera katika orodha iliyotolewa na kompyuta yenyewe, wakalinakili herufi kwa herufi katika nafasi ile, na picha haikutokea. Wakalinakili tena wakidhani wamekosea herufi kubwa na ndogo. Hatimaye mwalimu wao, aliyekuwa na maandishi ya asili mkononi, alifuta jina lote akaweka tarakimu moja tu, 1, ndani ya alama za mtajo. Kamera ikawaka. Asubuhi nzima ilikuwa imekwisha kwa neno nililolifasiri bila hata kulitazama.

Ili kosa hilo lieleweke, na ili lisirudiwe na wengine, yafaa tufuate historia ya jambo lenyewe tangu mwanzo.

Kamera ambayo aghalabu hutajwa kuwa babu wa kamera za wavuti haikuwa na jina wala nambari, kwa sababu ilikuwa peke yake. Mwaka 1991, katika Maabara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti waliielekeza kamera kwenye birika la kahawa lililokuwa katika chumba kiitwacho Trojan Room. Wale waliofanya kazi mbali na chumba hicho walichoka kupanda na kushuka wakikuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaandika programu iliyowaonyesha wenzao picha ndogo ya rangi ya kijivu, yenye pikseli 128 kwa 128, kupitia mtandao wa ndani. Mnamo Novemba 1993 picha hiyo iliingizwa katika wavuti, na watu wa mabara ya mbali wakawa wanatazama kahawa wasiyoweza kuinywa. Kamera hiyo ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, na birika likauzwa kwa mnada kwa pauni 3,350 kwa jarida la Kijerumani la Spiegel Online. Katika miaka yote hiyo kumi hakuna programu iliyolazimika kuuliza: kamera ipi? Mwenye mtoto mmoja huita “mtoto” tu, na mtoto huitika.

Swali la “ipi” lilizuka kamera zilipoanza kuuzwa madukani. Mwaka 1994 kampuni ya Connectix ya Marekani ilitoa QuickCam, kitu cha mviringo kama mpira mdogo, kilichounganishwa na kompyuta za Macintosh kupitia tundu lile lile lililotumiwa na modemu au printa. Biashara hiyo ilinunuliwa na Logitech mwaka 1998. Upande wa Windows njia ilikwisha kutayarishwa mapema kidogo. Novemba 1992 Microsoft ilitoa Video for Windows, na ndani yake mlikuwa na utaratibu ambao athari zake ziko nasi hata leo. Mwandishi wa programu aliyetaka kuipata kamera hakuiita kwa jina. Aliuliza kwa nambari, kuanzia 0 hadi 9: je, yupo wa 0? Yupo wa 1? Kompyuta ilimjibu kwa kumpa maelezo mafupi ya kila aliyekuwapo, kisha yeye akachagua nambari na kuunganishwa.

Tuangalie vizuri maelezo hayo mafupi yalimtaja nani. Hayakuitaja kamera. Yaliitaja programu endeshi, yaani ile programu inayosimama kati ya kamera na kompyuta kama mkalimani. Madhara ya jambo hili yalionekana miaka michache baadaye, Microsoft ilipobadili muundo wa programu endeshi. Ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi, kamera zote za muundo mpya ziliwekwa nyuma ya mkalimani mmoja aliyeitwa Microsoft WDM Image Capture. Mtu mwenye kamera tatu mezani pake, kutoka kwa watengenezaji watatu, aliona katika orodha jina hilo moja tu, na ilimbidi afungue dirisha lingine ndipo achague chanzo cha picha. Hilo lilikuwa kama kupiga simu ofisini ukapewa jina la karani wa mapokezi kila umtafutapo afisa yeyote.

Wakati huo huo kamera zenyewe zilianza kuwa nyepesi kuchomeka na kuchomoa. Kanuni za USB zilitolewa Januari 1996, nazo ziliruhusu vifaa vingi, hadi 127, kuning’inia katika mfumo mmoja. Hapo nambari ikapoteza uthabiti wake. Kamera iliyokuwa ya 1 asubuhi ingeweza kuwa ya 0 jioni, kwa sababu tu mwenzake alichomolewa. Wanaopanga foleni katika zahanati watanielewa: nambari ya foleni ni yako leo tu, na akitoka mtu mbele yako nafasi yako inabadilika ijapokuwa wewe ni yule yule.

Sasa tufike kwenye programu za medianuwai zenyewe, yaani zile zinazounganisha picha, sauti, maandishi na video kwa lugha ya amri ambayo mtu asiye mhandisi aweza kujifunza. Ya zamani na yenye sifa ilikuwa Director, iliyoanza kwa jina la VideoWorks mwaka 1985, na lugha yake ya amri, Lingo, iliundwa na John Henry Thompson. Juu ya kamera sina mengi ya kusema kuihusu, kwa kuwa Director haikuwa na amri ya kamera ndani yake. Aliyetaka kamera alinunua au kuandika kiongezo, kama kile cha msanii Daniel Rozin kilichoiwezesha programu kufuatilia rangi na miondoko mbele ya kamera, na kila kiongezo kilikuja na msamiati wake. Director iliacha kuuzwa mwaka 2017.

Flash ndiyo iliyoifanya kamera kuwa jambo la kawaida. Mwaka 2002 Macromedia ilitoa Flash MX pamoja na toleo la 6 la programu ya kuichezea, na kwa mara ya kwanza lugha yake ya amri, ActionScript, ikawa na kitu kiitwacho Camera. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kulikuwa na orodha, “Camera.names”, iliyotaja kamera zote zilizopatikana. Kulikuwa na amri, “Camera.get”, iliyoichukua mojawapo. Amri ikiachwa tupu ililetwa ile ambayo mtumiaji mwenyewe aliichagua katika dirisha la mipangilio. Amri ikijazwa, ilijazwa nambari inayoonyesha nafasi ya kamera katika orodha, kuanzia sifuri. Katika vitabu vya Kiingereza nafasi hiyo ya kujazwa iliitwa “index”.

Hapa pana mtego wa kwanza, nao ni tofauti na ule ulioninasa. Mfasiri akifungua kamusi atakuta “faharasa” au “fahirisi”, maneno mema kabisa, ambayo kwa msomaji wetu ni ile orodha ya maneno iliyo mwishoni mwa kitabu. Kuandika “jaza faharasa ya kamera” ni kumwambia mwanafunzi ajaze orodha nzima mahali panapotakiwa tarakimu moja. Kiingereza kinatumia neno moja kwa orodha na kwa nafasi ndani ya orodha, na ni juu yetu kutolibeba fungu lote.

Mwaka 2006, baada ya Adobe kuinunua Macromedia mwezi Desemba uliotangulia, lilitoka toleo la 9 pamoja na lugha iliyoandikwa upya, ActionScript 3.0. Amri ikapewa jina refu kidogo, “getCamera”, na nafasi yake ya kujazwa ikageuka. Haikupokea tena nambari bali maandishi, na ikaitwa “name”. Lakini maandishi yaliyotakiwa yalikuwa nini? Maelezo rasmi yaliyoandamana na amri hiyo yalikuwa wazi kwa aliyeyasoma hadi mwisho: ni ile ile nambari ya nafasi katika orodha, kuanzia sifuri, ila sasa imeandikwa kama herufi. Anayetaka kamera ya tatu aandike “2” ndani ya alama za mtajo.

Kitu hakikubadilika, kilichobadilika ni neno. Fomu ilichapishwa upya, mahali palipoandikwa “Nambari ya foleni” pakaandikwa “Jina”, lakini karani nyuma ya dirisha aliendelea kutaka nambari ya foleni, na aliyemwandikia jina lake hakuhudumiwa. Wazungumzaji wa Kiingereza nao waliangukia shimo hilo, kwa hiyo tusijione tumeonewa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na maelezo marefu katika lugha yao ya kuwatoa shimoni. Mwanafunzi wa Kiswahili alikuwa na tafsiri yangu.

Yaweza kuulizwa: basi ile orodha ya majina ilikuwa na kazi gani? Ilikuwa na kazi kubwa, na hapa historia inanoga. Chukua kompyuta za Macintosh za miaka hiyo, zenye kamera iliyojengwa juu ya kioo. Flash ilipoulizwa orodha ya kamera katika kompyuta hizo, aghalabu ilileta majina matatu: DV Video, IIDC FireWire Video na USB Video Class Video. Mwenye kompyuta alikuwa na kamera moja, na orodha ilikuwa na majina matatu. Majina hayo hayakuwa ya kamera bali ya njia ambazo picha ingeweza kupitia, na kamera iliyojengwa ndani ilipita njia ya tatu. Programu iliyochukua kamera ya kwanza bila kuuliza iliweza kuelekezwa kwenye njia isiyo na kamera, na mtumiaji akatazama mraba mweusi huku akiamini kwamba kifaa chake kimeharibika.

Dawa iliyotumiwa na waandishi wa programu ilikuwa kuipitia orodha jina baada ya jina, kulitafuta lile la USB, kuhesabu liko nafasi ya ngapi, kuigeuza hesabu hiyo iwe maandishi, na kuyaweka maandishi hayo mahali panapoitwa “jina”. Kwa maneno mengine, jina la kweli lilitumika kuitafuta nambari, na nambari ikavishwa kanzu ya jina ili ipokelewe. Sijui kama kuna mfano mwingine wa ufundi uliozungukwa hivyo ili kufika mlango wa jirani.

Kwenye Windows taabu ilikuwa ya namna nyingine. Mwaka 2003 zilitolewa kanuni za pamoja za kamera za USB, na kamera iliyozifuata haikuhitaji tena programu endeshi ya mtengenezaji. Ilikuwa nafuu kubwa. Lakini bila programu ya mtengenezaji kamera nyingi zilijitambulisha kwa jina la jumla, USB Video Device, na aliyechomeka mbili akapata majina mawili yasiyo na tofauti. Katika darasa lenye akina Asha wawili, mwalimu hulazimika kutazama walipoketi. Nambari ya nafasi ikarudi kuwa tegemeo, pamoja na udhaifu wake wote.

Kuhama kutoka kamera moja hadi nyingine, kwa upande wa amri, hakukuwa kazi ngumu. Kile kitu kinachoonyesha picha kwenye kioo kilifunguliwa kutoka kamera ya kwanza na kufungwa kwenye ya pili, na picha ikabadilika. Ugumu ulikuwa katika kuzitafuta. Kuuliza orodha kulidai uchunguzi mrefu wa vifaa, na programu ikishapata walau kamera moja haikuchunguza tena hadi ifungwe na kufunguliwa upya. Mhadhiri aliyechomeka kamera ya pili katikati ya somo aliweza kubonyeza kitufe cha kuhama mara ishirini bila mafanikio, kwa kuwa programu haikujua kwamba kamera hiyo imezaliwa. Kama haikupata kamera yoyote mwanzoni, iliendelea kuchunguza kila ilipoamriwa. Kwa hiyo maskini asiye na kamera alisikilizwa upya kila mara, na mwenye moja hakusikilizwa alipoongeza ya pili.

Kulikuwa pia na suala la ruhusa, na hili linawahusu watumishi wa umma moja kwa moja, kwa kuwa ndio wanaoandika matangazo na fomu zinazoomba ridhaa ya mwananchi. Flash haikuonyesha picha ya kamera kabla mtumiaji hajabonyeza ruhusa katika dirisha dogo lililotokea kwenye kioo. Dirisha hilo lilihitaji nafasi ya pikseli zisizopungua 215 kwa 138, na mwandishi aliyebana ukurasa wake kupita hapo alikosa pa kuliweka. Maneno yake mawili nimeyaona yakifasiriwa “Kubali” na “Kataa”. Naona “Ruhusu” ni bora kuliko “Kubali”. Anayekubali anaitikia jambo lililokwisha kupangwa na mwingine, na anayeruhusu ndiye mwenye mamlaka. Oktoba 2008 ilidhihirika jinsi mamlaka hayo yalivyoweza kuibwa. Watafiti wa usalama walionyesha kwamba dirisha la ruhusa liliweza kufichwa chini ya kitu kingine, mchezo mathalani, na mchezaji aliyebonyeza picha ya mchezo akawa anairuhusu kamera yake bila kujua. Adobe iliziba ufa huo katika toleo la 10 mwezi huo huo. Mtu yule hakukubali chochote, lakini kompyuta iliandika kwamba ameruhusu.

Safari ya Flash iliishia tarehe 31 Desemba 2020, kama ilivyotangazwa Julai 2017, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ilikataa kuonyesha chochote. Kazi ya kamera ilikwisha kuhamia ndani ya vivinjari, ambavyo vilianza kuipokea tangu mwaka 2012 au karibu na hapo. Wale waliounda utaratibu mpya walitenganisha mambo yaliyokuwa yamechanganywa. Sasa kila kamera katika orodha ina maelezo mbalimbali, na mawili kati yake yanatuhusu. La kwanza ni lebo, ambayo ni maneno ya kusomwa na binadamu. La pili ni alama ndefu ya herufi na tarakimu isiyosomeka, ambayo programu huitumia kuichukua kamera hiyo hasa na si nyingine. Nambari ya nafasi imebaki kuwa nambari ya nafasi tu. Lebo ndiyo jina la kweli, ingawa haiitwi jina. Kwa hiyo aliyejifunza Flash ilimbidi asahau kwamba “jina” ni nambari, kisha ajifunze kwamba “lebo” ni jina.

Lebo hiyo nayo hufichwa. Kabla mtumiaji hajatoa ruhusa, ukurasa huambiwa kwamba kamera ipo lakini mahali pa lebo pako tupu. Na ile alama ndefu si moja kwa kurasa zote: kila tovuti hupewa ya kwake, na mtumiaji akifuta kumbukumbu za kivinjari hutolewa mpya. Sababu yake ni nzito. Orodha kamili ya vifaa vya mtu, majina yake na alama zake, ingetosha kumtambua mtu huyo popote aendapo katika wavuti hata kama hakujitaja. Jina la kamera humfichua mwenye kamera. Mababu zetu waliosita kulitaja jina la mtu mbele ya mgeni wasingehitaji kuelezwa sana.

Basi tuite nini? Tumejadiliana miaka mingi juu ya ngamizi, tarakilishi na kompyuta, na mjadala huo umekuwa na faida zake, lakini maneno madogo hayakupata mjadala. Kwa ile nafasi katika orodha napendekeza “nambari ya nafasi”, na “faharasa” ibaki vitabuni. Kwa jina la kusomwa na mtu, “jina la kifaa” latosha, iwe Kiingereza kimesema “name” au “label”. “Lebo” iachwe kwa kinachobandikwa, na pale ambapo mpangilio wa amri wenyewe unalitaja neno hilo. Kwa alama ndefu isiyosomeka wengi huandika “kitambulisho”, na ni vigumu kushindana nao. Hata hivyo nina wasiwasi. Kwa raia wa Tanzania au Kenya kitambulisho ni kile anachopewa na serikali, ni kimoja, na anakionyesha kila ofisi. Alama hii ni kinyume chake, kwani kila ofisi inatoa yake na haiwezi kulinganisha na ya jirani. Nilifikiria “lakabu”, lakini lakabu husema jambo juu ya mwenyewe, la sifa au la dhihaka, na alama hii haisemi kitu. Kwa sasa naandika “alama ya utambulisho”, nikisubiri mwenye jicho zuri zaidi.

Imebaki sifuri. Walimu wananiambia kwamba hapa ndipo wanafunzi wanapokwama kuliko popote, na kwamba wengine hufundishwa tu kukariri kuwa “kompyuta huanza na sifuri”. Si lazima kukariri. Katika majengo yetu anayeingia mlangoni yuko chini, na ghorofa ya kwanza ni ile ya juu yake, kwa hiyo mtumishi aliye ghorofa ya pili anafanya kazi katika sakafu ya tatu kutoka ardhini na haoni ajabu yoyote. Na katika foleni ya zahanati, mgonjwa akiulizwa “mbele yako wapo wangapi?” akajibu “wawili”, kila mtu anajua kwamba yeye ni wa tatu. Nambari ya nafasi inajibu swali hilo hilo: mbele ya kamera hii zipo ngapi? Isiyo na yeyote mbele yake ni ya sifuri. Kosa liko katika kuandika “kamera namba 2” bila kueleza, kwa maana msomaji atadhani ni “kamera ya pili”, na kiambishi kidogo cha ya-unganifu kitampeleka kwenye kifaa kingine.

Katika simu za mkononi tatizo limechukua sura nyingine tena. Huko vivinjari huruhusu kamera iombwe kwa kile inachokitazama, ama mtumiaji ama mazingira yake, bila nambari wala jina. Watu wetu walikwisha kujipatia maneno, “kamera ya mbele” na “kamera ya nyuma”, na sioni sababu ya kuwasumbua. Ila katika maelezo ya ufundi ni vema kuandika mara ya kwanza “kamera inayomtazama mtumiaji”, kwa sababu anayepigwa picha na mwenzake huona kamera ya nyuma ikiwa mbele yake. Na simu zenye kamera tatu mgongoni zimekwisha kuifanya “ya nyuma” isitoshe.

Kuhusu ile sentensi iliyonipotezea darasa asubuhi yake, programu yenyewe haipo tena, lakini maelezo yake bado yamo katika makabati ya vyuo na amri zake bado zinasomwa na wanaohamisha kazi za zamani. Nakala niliyonayo nimeisahihisha kwa wino, nayo sasa inasomeka hivi: “Nafasi hii, ijapokuwa katika lugha ya amri inaitwa jina, hujazwa nambari ya nafasi ya kamera katika orodha. Hesabu kamera zilizo mbele yake, kisha andika hesabu hiyo ndani ya alama za mtajo. Ukiiacha tupu, utapewa kamera aliyoichagua mtumiaji.”